Fidla haifi kwa uzee, hufa kwa kukosa mtunzi

Si siku nyingi zilizopita nilialikwa harusini hapa Mombasa, mtaa wa Kuze. Jukwaani palikuwa na kijana mmoja na kinanda chake cha umeme, na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati. Pembeni, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mzee ambaye nimemjua tangu utotoni mwangu kuwa ni fundi wa fidla. Alikuja na fidla yake, imo ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe amelipakata mapajani. Tangu baada ya isha hata saa sita za usiku sanduku lile halikufunguliwa. Kila ilipotakiwa sauti ya fidla, yule kijana alibonyeza kidude, kinanda kikatoa mlio unaofanana na fidla kama ua la karatasi linavyofanana na asumini.

Nilimsogelea nikampa mkono. "Shikamoo, ami. Mbona leo fidla imelala?"

"Marahaba, mwanangu," akanijibu. "Haikulala. Haina kazi. Nyimbo za zamani vijana hawazitaki, na hizi mpya hazina pahali pangu. Nyinyi washairi mwatunga maneno, mkesha mwenda zenu. Fidla hamuitungii."

Neno lile lilinichoma, maana mimi ni mmoja katika hao aliowataja. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimewapa waimbaji mashairi yangu. Nikahesabu mizani, nikapanga vina, nikakabidhi karatasi na kuondoka. Hata siku moja sikuuliza ni nani atakayepiga fidla, wala ataanzia wapi, wala atasema nini pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Leo nataka kulijibu neno la mzee yule, na jawabu yenyewe itapitia njia ndefu ya Ulaya. Najua wapo watakaosema, "Muziki wa Kizungu watuhusu nini?" Nawaomba wanistahamilie. Fidla tunayoipiga katika taarabu ilitengenezwa Ulaya kabla haijafika Misri na kutufikia sisi. Na Ulaya ndiko kulikotokea mambo mawili yanayofaa kutazamwa na kila mpenda ala: ala moja ilikufa na nyingine ikaishi, zote zikiwa za nyuzi na zote zikiwa nzuri.

Ala iliyokufa ilitoka kwetu, namaanisha katika ulimwengu wa Kiislamu. Ni udi. Mwaka 822 Ziryab, aliyepata ilimu ya muziki Baghdad, aliwasili Cordoba katika Andalusi. Husimuliwa kuwa yeye ndiye aliyeuongezea udi uzi wa tano. Kutoka Andalusi na kisiwa cha Sicily udi ukaenea Ulaya. Wataliana wakauita liuto, Wafaransa wakauita luth, na ndani ya majina yote hayo limo neno moja la Kiarabu, al-ud, yaani mti au ubao. Kwa karne nyingi ala hiyo iliheshimiwa katika majumba ya wafalme wao. Uingereza alikuweko John Dowland, aliyefariki 1626, aliyesifika kwa kuupiga na kuutungia. Ujerumani alikuweko Sylvius Leopold Weiss, aliyeacha tungo mamia kwa ala hiyo moja tu.

Weiss alifariki mwaka 1750. Baada yake watunzi wakubwa wakaelekea kwingine. Nyuzi za udi ule wa Ulaya zilikuwa zimekithiri, kuzilinganisha ni taabu, na sauti yake ni ya chumbani, haifiki nyuma ya ukumbi mkubwa. Badala ya mtunzi kukaa na fundi watafute dawa, waliuacha ukutani. Haukupita muda mrefu ikawa ni chombo cha kutazamwa. Katika karne ya 20 wapo waliorudi kuufufua, walakini hata leo kazi yake kubwa ni kupiga tungo za waliokwisha kufa. Ajabu ni kuwa ndugu yake, udi wenyewe wa Waarabu, haukufa, maana Kairo, Damascus na Baghdad hawakuacha kuutungia.

Sasa tuitazame fidla. Nayo ina asili yenye harufu ya kwetu, kwani katika wazazi wake yumo rababu, ala ya kupigwa kwa upinde iliyotajwa na Al-Farabi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 950, katika kitabu chake kikubwa cha muziki. Umbo tunalolijua leo lilitokea kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Katika mji wa Cremona alikaa Andrea Amati, na baadaye katika mji huohuo akatokea Antonio Stradivari, aliyeishi tangu 1644 hata 1737, ambaye fidla zake mpaka leo huuzwa kwa mamilioni ya dola.

Wengi hudhani kuwa mafundi hao wa mbao ndio walioipa fidla uhai wake. Mimi sikubaliani nao. Udi wa Ulaya nao ulikuwa na mafundi hodari. Fidla ilichozidi ni kuwa kila kizazi kilileta mtu wa kuitungia, na mtu huyo aliitaka ifanye jambo ambalo jana yake haikulifanya.

Claudio Monteverdi alizaliwa Cremona hiyohiyo mwaka 1567. Mwaka 1624, katika jumba la tajiri mmoja mjini Venice, alitoa utunzi wake wa vita vya Tancredi na Clorinda. Ni kisa cha askari wa vita vya Msalaba anayepigana usiku na adui aliyevaa deraya, asijue kuwa ni mwanamke ampendaye, shujaa wa upande wa Waislamu, hata akamuua. Kisa kimeandikwa kwa jicho la upande wao, na msomaji wangu hatakipokea chote. Ninalolitaka mimi ni la nyuzi. Monteverdi aliwaamuru wapigaji warudie sauti moja mara kumi na sita kwa haraka, upinde utetemeke, isikike ghadhabu. Pahali pengine aliwaamuru waweke pinde chini wazidonoe nyuzi kwa vidole. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwanzo wapigaji waliona ni kichekesho kurudia sauti ile, wakaipiga mara moja tu badala ya kumi na sita. Hakuwaachia mpaka wakafanya. Leo mtetemo ule hausikiki kuwa ni jambo geni. Husikika katika kila filamu panapokuwa na hofu.

Akaja Antonio Vivaldi wa Venice, aliyezaliwa 1678. Alikuwa padri, na tangu 1703 alifundisha fidla katika makao ya mabinti waliotupwa na wazazi wao, yaliyoitwa Pietà. Mabinti hao walipiga na kuimba juu ghorofani nyuma ya kizuizi cha chuma, watu wakawasikia pasi na kuwaona. Sisi watu wa pwani, ambao mama zetu wamesikiliza taarabu nyuma ya pazia, hatuoni ajabu yoyote hapo. Jambo la kuzingatiwa ni kuwa Vivaldi aliwajua mabinti hao mmoja mmoja, akatunga kwa kadiri ya vidole vyao. Katika karatasi zake yamo mambo aliyoyaandika makusudi kwa Anna Maria, yatima aliyekuwa fundi mkubwa wa fidla. Tungo za Vivaldi ambamo ala moja hushindana na kundi zima zinakaribia mia tano, na karibu nusu yake ni za fidla.

Mshairi asikose kuyajua yale Majira Manne yake, yaliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725. Kila msimu ulichapishwa pamoja na shairi la soneti, na herufi zikawekwa kuonyesha ni mshororo upi unaosemwa na ala ipi. Shairi likitaja ndege, fidla hulia kama ndege. Likitaja mbwa wa mchungaji, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, hubweka. Likitaja mvua ya kipupwe inyeshayo nje na mtu kakaa motoni, vidole huzidonoa nyuzi kama matone juu ya bati. Hapo maneno na nyuzi zimefunga ndoa. Mimi niliyaandika mangapi ya mvua na bahari na ndege, na fidla nikaiacha ikiwa imenyamaza!

Mtu ataniuliza, kwani nyuzi zina nini hata watunzi hao wazishikilie vile? Sababu ni tatu, na mwenye kusikia taarabu atazifahamu mara moja.

Kwanza, upinde ni pumzi. Ukidonoa udi, sauti huzaliwa na papo hapo huanza kufa. Upinde unapopita juu ya uzi, sauti hukaa, hukua, hufifia, hulia, kama sauti ya binadamu, tena haikatiki kwa kwenda kuvuta hewa. Pili, shingo ya fidla haikuwekewa vizuizi vya kuupangia uzi pahali pa kusimama. Kidole huamua chenyewe. Kwa hivyo zile sauti za maqamu zilizo kati na kati, ambazo piano haina, fidla inazo. Tatu, ala hizo ni ukoo mmoja. Fidla, viola, selo na besi, kuanzia sauti ya mwana mpaka sauti ya babu, zote hulia kwa namna moja. Ndiyo maana katika okestra ya Ulaya wapiga nyuzi mara nyingi huzidi nusu ya kundi zima.

Aliyeuelewa ukoo huo kushinda wengi ni Joseph Haydn wa Austria, aliyeishi tangu 1732 hata 1809. Aliajiriwa na watukufu wa nyumba ya Esterházy mwaka 1761, akawatumikia kwa karibu miaka thelathini mfululizo, akiwa na wapigaji wake papo hapo wa kuwajaribia kila alichokiandika. Aliacha tungo 68 za watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alizifananisha tungo za namna hiyo na watu wanne wenye akili wanaozungumza. Nasi tuna jina la jambo hilo. Ni baraza. Mmoja atoa hoja, wa pili aikubali, wa tatu atia shaka, wa nne hanyanyui sauti lakini bila yeye mazungumzo yangeanguka. Mozart alipozisikia za Haydn, alikaa miaka kama mitatu akitunga sita zake, na mwaka 1785 akazichapisha kwa heshima ya mzee yule, akikiri kuwa zilimtoa jasho.

Kabla yao Johann Sebastian Bach alikuwa amekwisha kuonyesha la kinyume, kuwa hata mtu mmoja pekee aweza kuwa baraza zima. Nakala yake ya mwaka 1720 ina tungo sita za fidla isiyosindikizwa na chochote. Aliandika nyingine sita za selo peke yake, na hizo kwa muda mrefu watu wengi waliziona kuwa ni za kufanyia mazoezi, mpaka Pablo Casals wa Uhispania, akiwa kijana mdogo, alipozikuta katika duka la Barcelona, akazifanyia kazi miaka mingi na kuzirekodi zote baina ya 1936 na 1939. Tungo zililala, hazikufa, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa. Hilo nalo tulitie akilini.

Na Beethoven? Mwaka 1825 alikuwa kiziwi, ametoka katika maradhi yaliyomtia khofu ya mauti. Asiyesikia alirudi kwa nyuzi zilezile nne za Haydn, akatunga sehemu moja ndefu ya taratibu sana, na juu yake akaandika kuwa ni wimbo wa mgonjwa aliyepona wa kumshukuru Mungu. Mara ya kwanza nilipoisikia, kwenye kanda niliyoazimwa na rafiki, nilikaa kimya hata kanda ikaisha. Sikuwa nikijua lugha yake wala dini yake si yangu, walakini shukrani ya mtu aliyeinuka kitandani haina haja ya mkalimani.

Mambo haya hayakuishia Ulaya. Béla Bartók wa Hungaria alikwenda Biskra, nchini Algeria, mwaka 1913 kurekodi muziki wa Waarabu, na aliyoyasikia huko yamo katika utunzi wake wa pili wa watu wanne, aliouandika baina ya 1915 na 1917. Mwaka 1932 alihudhuria mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo, ambako ala za Ulaya zilijadiliwa kwa hoja kali. Piano ilisumbua kwa sababu sauti zake zimefungwa. Fidla ilikuwa imekwisha kuingia zamani. Wamisri na Washami walikuwa wameichukua tangu karne ya 19, wakazishusha nyuzi zake mbili za juu ili iafikiane na maqamu yao, wakaiita kamanja. Wala hawakuichukua kama pambo. Riad al-Sunbati na Mohamed Abdel Wahab waliitungia. Sikiliza Al-Atlal ya mwaka 1966, ambayo Sunbati alimtungia Umm Kulthum, usikie jinsi safu ya fidla inavyomjibu bibi yule kama mja anayemjibu imamu.

Kutoka huko ndiko ilikotufikia sisi. Akhwani Safaa walianzishwa Unguja mwaka 1905, na wazee wa vikundi vya namna hiyo walikuwa na bashrafu, utunzi wa ala tupu usio na mwimbaji, watu wakakaa wakausikiliza mpaka mwisho. Hapa kwetu Kenya, Zein L'Abdin wa Lamu, aliyefariki 2016, aliupiga udi mbele ya wimbo, katikati ya wimbo na baada ya wimbo, akauonyesha kuwa ni msemaji na si mtumishi. Nani leo ampaye mpiga udi nafasi hiyo?

Nitakuwa si mwadilifu nisipozitaja hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni fedha. Baba wa bi harusi akiita kikundi cha watu kumi na wawili, lazima awalishe, awasafirishe na awalipe, na kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme humaliza kazi yote kwa bei ya mtu mmoja au wawili. Hoja hii ni ya kweli, na simlaumu yule kijana. Ana njaa yake. Lakini sijasema tuite watu kumi na wawili. Bach alimtosheleza mmoja, na Haydn wanne. Fidla moja, udi mmoja, dumbaki na mwimbaji hutosha, ikiwa kimetungwa kitu cha wao kupiga.

Hoja ya pili ni ya dini. Mimi nimekaa chuoni mbele ya mwalimu na juzuu mkononi, na najua kuwa wapo masheikh wetu wanaozikataza ala. Hukumu hiyo nawaachia wenye ilimu, na anayejiepusha namheshimu. Maneno yangu nawaambia wale ambao tayari wanakesha harusini. Ikiwa mutasikiliza, basi sikilizeni kilicho na adabu na ufundi, si mlio wa mashine unaowapasua watoto masikio.

Hoja ya tatu ni yetu sisi watunzi: "Hatujui kuandika muziki." Hapo ndipo penye aibu. Mara ngapi tumechukua mahadhi ya filamu ya Kihindi, tukatia maneno yetu juu yake, tukasema tumetunga wimbo? Sikatai kuazima, kwani hata fidla yenyewe ni ya kuazima. Lakini mwenye kuazima kila siku hana alichopika. Ukiwa hujui kuandika noti, kaa na mpigaji. Brahms alipoiandikia fidla utunzi wake mkuu mwaka 1878 alikuwa bingwa wa fani yake, na bado alimwandikia barua rafiki yake Joseph Joachim, mpiga fidla, kumwuliza lipi linapigika na lipi halipigiki. Ikiwa bwana yule aliuliza, mimi na wewe tuna kiburi gani?

Mimi nimekwisha kuanza. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mzee yule na shairi lisilokwisha. Nilimsomea ubeti wa kwanza, nikamwambia, "Ami, hapa baada ya kituo mimi nanyamaza. Sema wewe." Alifungua sanduku. Alijaribu mara tatu, akaikataa ya kwanza na ya pili mwenyewe, na ya tatu mjukuu wake akairekodi kwenye simu. Kisha mzee akaniambia ubeti wangu wa pili ni mrefu mno, nipunguze. Nimeupunguza.

Nawaomba washairi wenzangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga wafanye vivyo hivyo, angaa kila mmoja wimbo mmoja kwa mpigaji mmoja anayemjua kwa jina, na kinachotoka kirekodiwe au kiandikwe, ili hata kikilala apatikane wa kukiamsha. Wazee wa fidla waliobaki ni wachache, na mauti hayangoji mtu amalize vina.

Udi u kwenye ukuta, vumbi tele kifuani,
Nyuzi nani tazivuta, aje atoe huzuni?
Watunzi ninawaita, kalamu zenu shikani,
Ala isiyotungiwa, ni ukuni wa jikoni.